Kutoa sikio la ndani la mbuzi kutoka kichwa cha bucha na kulisoma mwenyewe: mwongozo kamili

Wanafunzi wa baiolojia hapa Uganda wanachora koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono, kila muhula, wanaweka leba vizuri kabisa, wanapata maksi, na wengi hawajawahi kuiona hata siku moja. Na bucha iko hapo nje ya geti la shule, vichwa vya mbuzi vimepangwa kwenye meza. Huu mwongozo ni wa mwalimu, mwanafunzi wa vet, ama mtu yeyote mwenye tupa, msasa na uvumilivu, maana kitu kimoja kinafanya hii kazi iwezekane hata bila labu kubwa: sikio la ndani limefungwa ndani ya petrosali, mfupa mgumu kuliko mifupa mingine yote mwilini mwa mamalia, na labirinthi, yaani yale mashimo ya sikio yaliyochongwa ndani yake, inawahi kumaliza umbo lake mapema sana, mnyama akiwa bado tumboni. Kwa hiyo ata kichwa cha mbuzi mdogo wa muchomo kitakupa labirinthi iliyokomaa, na ata mtu wa bucha akikipiga panga vibaya, mara nyingi petrosali itabaki nzima.

Kabla ya kisu, mambo ya usalama

Chukua kichwa cha mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa tu, mnyama aliyekufa mwenyewe usimguse, ata kama jirani anakupa bure. Kimeta kipo Uganda, mwaka 2004 kiliua viboko wengi Queen Elizabeth na mwaka 2023 kilipiga watu Kyotera, na brusela nayo ipo kwa mbuzi na ng'ombe. Vaa glavu, miwani, na barakoa wakati wa kupiga msasa, sababu vumbi la mfupa si kitu cha kuvuta.

Jambo la pili, mifupa ya wanyamapori. Ukikuta fuvu la kobu ama kiboko porini utatamani, najua, lakini Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inataka kibali, kwa hiyo zungumza na UWA, mamlaka ya wanyamapori, kwanza ama iache hapo hapo. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na nguruwe wanatosha, wote ni wa kwato zilizogawanyika. Ukipata punda wa Karamoja aliyekaguliwa unaongeza upande wa farasi, yaani kwato moja, na hapo ulinganisho unakuwa mtamu zaidi.

Hatua ya 1: kuchagua kichwa

Anza na mbuzi, si ng'ombe. Fuvu la ng'ombe ni zito, na wa Ankole na zile pembe zake ndo usiseme, utachoka kabla hujafika kwenye sikio. Mwambie mtu wa bucha mapema: "Mzee, naomba kichwa kizima, usikibabue na usikate karibu na masikio." Kubabua kwa moto kunakausha na kupasua bula, ile puto nyembamba ya mfupa chini ya sikio. Kama bucha yenu ina desturi ya kupasua kichwa katikati kwa shoka ili watoe ubongo, waache wapasue, mi naona ni msaada: mpasuko ukipita katikati kabisa, masikio yote mawili yanabaki salama na utaona petrosali kwa ndani bila kuhangaika na msumeno.

Angalia masikio ya nje kama kuna kupe. Yule kupe wa kahawia anayeeneza ndigana kali anapenda sana kukaa ndani ya sikio, hasa kwa ng'ombe, na hutaki atembee kwenye meza yako. Toa, safisha na maji na sabuni, halafu endelea.

Hatua ya 2: amua unataka nini, mfupa ama nyama zake

Hapa watu wengi wanaharibu bila kujua. Sikio la ndani ni vitu viwili, kimoja ndani ya kingine. Kuna labirinthi ya mfupa, yaani shimo lenyewe lililochongwa ndani ya petrosali, na kuna labirinthi ya utando inayoelea humo ndani. Kati ya mfupa na utando kuna maji ya perilimfu, yenye sodiamu nyingi, na ndani ya utando kuna endolimfu yenye potasiamu nyingi, na tofauti hiyo ndo inaendesha seli nywele zinazosikia. Ukichemsha kichwa, utando wote umekwenda. Kama unataka slaidi za seli, basi usichemshe: toa petrosali mbichi haraka iwezekanavyo, toboa katundu kadogo ili dawa iingie, iweke kwenye fomalini ya asilimia 10, na baadaye kwenye EDTA kwa wiki kadhaa mpaka mfupa ulainike na ukatike. Hiyo ni kazi ya labu yenye fundi wa slaidi, kama pale chuo cha vet Makerere. Sisi huku tutafuata njia ya mfupa.

Hatua ya 3: kuchemsha

Chuna ngozi, toa taya la chini, toa ulimi na macho, punguza nyama. Weka kwenye sufuria ya zamani ambayo haitarudi jikoni tena, jaza maji, sabuni ya unga kidogo, na uweke kwenye sigiri yenye moto wa polepole. Maji yasitokote kwa fujo, yawe yanatetemeka tu, masaa mawili matatu, unaongeza maji yakipungua. Moto mkali unapasua bula na kutawanya vile vifupa vidogo vya sikio la kati. Usiweke dawa ya kufanya nguo nyeupe, inakula mfupa polepole na baada ya miezi unabaki na chaki.

Kuna njia ya kuozesha kwenye ndoo ya maji kwa wiki kadhaa, inatoa mfupa msafi zaidi na hamna kitu kinachopasuka, lakini majirani hawatakusamehe.

Hatua ya 4: kuipata petrosali

Kama bucha hawakupasua kichwa, kikate katikati kabisa kwa msumeno kwanza. Geuza fuvu uangalie ndani, pale ubongo ulipokaa. Ukutani, upande wa nyuma, kwenye mpaka wa ubongo mkubwa na ubongo mdogo, utaona mfupa mmoja mweupe na mzito kuliko wenzake, kwa mbuzi ni kama sentimita mbili hivi. Katikati ya uso wake kuna tundu. Hilo ndo tundu la ndani la sikio, mlango wa neva ya 7 inayokwenda usoni na neva ya 8 ya kusikia na ya balansi. Ukiweka tochi ya simu na ukaangalia humo ndani, utaona limegawanyika, sehemu moja ni njia ya neva ya uso na nyingine imetobolewa vitundu vidogo vidogo pale nyuzi za koklea zinapopita.

Kabla hujaitoa, funga uzi mwekundu upande wa kulia na mweusi upande wa kushoto, sababu zikishakuwa mezani zote mbili zitakuchanganya. Kwa mbuzi mdogo viungo vya mfupa havijashikana, unasukuma kwa kidole gumba kutoka ndani huku unapitisha bisibisi nyembamba pembeni, inatoka yenyewe na bula yake. Kwa mnyama mzee kata kuizunguka na msumeno wa chuma, acha kama sentimita moja pembeni.

Hatua ya 5: sikio la kati kwanza

Usikimbilie koklea. Fungua bula kwa chini, unabana na plaizi kidogo kidogo, juu ya karatasi nyeupe. Ya mbuzi na kondoo ni tupu ndani, ya ng'ombe imegawanywa na kuta kuta za mfupa, na ya nguruwe imejaa vyumba vidogo vidogo, kwa hiyo ukianza na nguruwe utadhani umekata sehemu isiyo sahihi. Humo utakuta nyundo na fuawe, na mara nyingi zinaanguka zenyewe. Kikuku ndo kidogo kuliko vyote, kimekaa kwenye dirisha duaradufu kama hakijapotea kwenye maji ya kuchemshia (yachuje maji hayo, usiyamwage hivi hivi).

Ukishatoa hivyo, utaona ukuta wa petrosali umevimba, uvimbe huo unaitwa promontori, na ni mzunguko wa kwanza wa koklea unaosukuma mfupa kutoka ndani. Juu yake dirisha duaradufu, nyuma yake dirisha duara. Kikuku kinasukuma maji kwenye dirisha la kwanza, na dirisha la pili lenye utando linatoa nafasi ya hayo maji kusogea, maana maji hayabanwi.

Hatua ya 6: kufungua koklea

Ibane petrosali kwenye jiliwa na kipande cha kitambaa, ama ishike tu na plaizi kama huna. Piga msasa kwenye promontori, ukiwa umelowesha maji, anza na namba 120 na ukikaribia nenda 400. Simama kila baada ya dakika chache uoshe na mswaki uangalie. Kwanza utaona mstari mweusi, halafu mfereji, halafu ghafla nyumba ya konokono imefunguka mbele yako. Nguzo ya katikati ndo njia ya neva, na kile kibati chembamba cha mfupa kinachozunguka nguzo kinagawa mfereji mara mbili, juu na chini. Kwenye kitabu kuna mfereji wa tatu, wa katikati, wenye seli nywele, safu moja ya ndani na tatu za nje, lakini huo ni wa utando na umeshaondoka na maji ya moto, kwa hiyo usiutafute.

Hesabu mizunguko. Anza pale kwenye dirisha duara na ufuate mpaka kileleni. Ya mtu ni kama miwili na nusu, ya farasi iko karibu na hapo, kondoo ni miwili na robo mpaka miwili na nusu, na ya ng'ombe inafika mitatu na nusu, na ukiinyoosha utando wake wa kusikia unakuwa na milimita kama 38. Nguruwe naye ana mizunguko mingi kuliko mtu. Ya mbuzi wako sikuambii, hesabu mwenyewe.

Swali linakuja kila mara: mizunguko mingi ndo kusikia vizuri? Si rahisi hivyo. Chini ya koklea, karibu na madirisha, panasikia sauti nyembamba, na kileleni panasikia sauti nzito, hiyo ni kwa mamalia wote. Wamarekani wawili, Rickye na Henry Heffner, walipima masikio ya wanyama wa kufugwa tangu miaka ya 1980: ng'ombe anasikia kutoka hezi 23 mpaka 35,000, farasi 55 mpaka 33,500, mbuzi 78 mpaka 37,000, nguruwe 42 mpaka 40,500. Sisi mwisho wetu ni kama 20,000, kwa hiyo kuna milio mingi ambayo mbuzi wako anaisikia na wewe huna habari. Lakini kujua sauti imetoka wapi, hapo ng'ombe ni dhaifu sana, anahitaji chanzo cha sauti kisogee kama digrii 30 ndo ajue pamebadilika, wakati nguruwe anagundua kama digrii 5. Ukimuita ng'ombe kutoka nyuma na akageuka upande wa pili, usimuone mjinga.

Hatua ya 7: mifereji nusuduara

Kwa hii tumia petrosali ya upande wa pili, usilazimishe kufanya yote kwenye mfupa mmoja. Mifereji iko upande wa juu na nyuma, mitatu, wa mbele, wa nyuma, na wa pembeni unaokaribia kulala. Kila mmoja umekaa karibu digrii 90 na wenzake ili kichwa kikizunguka upande wowote kuwe na mfereji mmoja angalau ambao maji yake yanabaki nyuma na kusukuma seli nywele. Vifuko viwili vya katikati, utrikuli na sakuli, vinapima mvutano wa ardhi na kwenda mbele au juu, kwa kutumia vijiwe vidogo vya kalsiamu kaboneti.

Piga msasa taratibu upande wa juu. Utaona vitundu vinatokea viwili viwili, kila jozi ni mfereji uliokatwa. Upana wake hauzidi milimita moja, kwa hiyo msasa 400 tu, hakuna tupa hapa. Ukishaona jozi, chukua unywele wa mkia wa ng'ombe, uingize tundu moja na uusukume polepole mpaka utokee kwingine. Ukifanikiwa na mifereji yote mitatu, umeelewa balansi kuliko mchoro wowote. Mifereji ni mitatu lakini matundu ya kuingia vestibuli kwa kawaida ni matano, si sita, maana wa mbele na wa nyuma wanaungana mguu mmoja kabla ya kuingia. Wanafunzi wanabishana sana hapo, waache wabishane na unywele mkononi.

Hatua ya 8: kijusi, sehemu ambayo mi naipenda zaidi

Machinjioni kwetu ng'ombe wenye mimba wanachinjwa, ni jambo baya na maafisa wa mifugo wanalipinga, usiombe mnyama mwenye mimba achinjwe kwa ajili yako. Lakini kama kizazi kimeshafunguliwa na mkaguzi ameruhusu, kile kijusi ni darasa ambalo pesa haiwezi kununua. Glavu nzito hapa na usile wala kunywa karibu, brusela iko zaidi kwenye kizazi na maji yake.

Pima urefu kutoka utosini mpaka mwanzo wa mkia. Kwa ng'ombe kuna kanuni ya zamani: chukua mwezi wa mimba, zidisha na huo mwezi ukiongezwa mbili, unapata sentimita. Miezi mitatu ni 3 mara 5, yaani 15. Miezi mitano ni 5 mara 7, yaani 35. Mimba ya ng'ombe ni kama siku 280, ya mbuzi 150, ya nguruwe 114.

Hadithi ya sikio inaanza mapema mno kwa macho yetu. Kiinitete kikiwa na milimita chache tu, ngozi inanenepa pande mbili za ubongo wa nyuma, inakuwa sahani, inabonyea kuwa kishimo, kishimo kinajifunga kuwa kifuko kilichozama ndani. Kutoka kifuko hicho kimoja vinatoka vyote: juu yake vinachomoza vimifuko bapa, katikati yake kuta mbili zinagusana, zinashikana na kuyeyuka, kinachobaki pembeni ndo mfereji nusuduara. Chini yake kinachomoza kijiti kinachorefuka na kujikunja, hiyo ni koklea. Nyama laini inayozunguka inageuka gegedu, na gegedu inageuka mfupa. Hiyo yote hutaiona bila slaidi na hadubini.

Utakachoona ni baada ya hapo. Kwa kijusi cha ng'ombe chenye sentimita 35 hivi, mifupa mingine ya fuvu bado ni laini, unaikunja kwa vidole, paji halijashikana, na katikati ya huo ulaini unagusa kitu kigumu. Ndo petrosali. Mwaka 2017 Loïc Costeur wa makumbusho ya Basel kule Uswisi na wenzake walichapisha CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya mfupa, za vijusi vitano vya ng'ombe vya nusu ya pili ya mimba, wakakuta labirinthi ya mfupa imeshafika karibu umbo na saizi ya mkubwa tangu katikati ya mimba. Mfupa wa nje uliendelea kukua, na ndani vilivyoendelea polepole ni mfuko wa endolimfu na kale kamfereji kembamba kanachotoka kwenye koklea kwenda upande wa ubongo, siyo koklea yenyewe. Yaani ndama bado hana jino lililotoka na sikio limekwisha. Halishangazi sana ukimuangalia ndama anavyosimama na kumfuata mama yake siku hiyo hiyo aliyozaliwa, wakati mtoto wa mbwa anakaa kama wiki mbili masikio hayajafunguka.

Kingine, huu mfupa ukishakuwa mgumu haujijengi upya kama mifupa mingine, unabaki karibu ulivyo mpaka uzee. Ndo maana wanaotafuta DNA ya zamani wanakimbilia petrosali, na ndo maana umbo la labirinthi linatumika kupanga koo za wanyama wanaocheua kwa mamilioni ya miaka.

Fungua ya kijusi kwa uangalifu, pima upana wa mzunguko wa kwanza wa koklea, halafu pima ya mama yake. Hapo huhitaji kuniamini.

Hatua ya 9: kutoa umbo la silikoni

Hii ni hiari. Silikoni ya fundi wa madirisha ni nzito, haiingii kwenye mifereji midogo. Tafuta ile nyepesi ya madaktari wa meno, ya kuchukulia umbo la meno, unachanganya mbili na inakauka haraka. Petrosali iwe imekauka kabisa. Toboa katundu juu ya mfereji wa mbele ili hewa itoke, sukuma silikoni kwa sirinji kupitia dirisha duara mpaka itokee kule juu. Ikikauka, mwalimu anaweka mfupa kwenye asidi ya hidrokloriki ya asilimia 5 mpaka 10, mahali penye hewa, anabadilisha kila siku. Asidi inaingizwa kwenye maji, si maji kwenye asidi, na isikutane na dawa ya kung'arisha nguo, gesi yake inaua. Mfupa ukiyeyuka unabaki na labirinthi nzima mkononi. Mara nyingi ya kwanza inakatika, andaa petrosali kadhaa.

Mwenye kompyuta na bando anaweza kupakua CT za wanyama bure kwenye MorphoSource na kuzifungua na 3D Slicer, nayo ya bure. CT ya kawaida ya hospitali itakuonyesha mifereji ya ng'ombe lakini ya mbuzi inakuwa na ukungu.

Kwa mfugaji, haraka haraka

Ukijua mahali neva ya 7 inapopita unaelewa kwa nini ndama mwenye maambukizi ya sikio la ndani anainamisha kichwa upande mmoja, anazunguka, macho yanacheza, na saa ingine sikio na mdomo vya upande huo vinalegea. Listeria, ugonjwa wa bakteria unaoshambulia ubongo, inafanana na hiyo kwa kuzunguka, kwa hiyo usinunue dawa dukani kwa kubahatisha, muite daktari wa mifugo.

Hatua ya 10: picha, vipimo na leba

Piga picha kutoka juu wima, rula iwe usawa ule ule na mfupa, siyo mezani chini yake, la sivyo vipimo vitadanganya. Pima kwenye ImageJ, ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta za zamani. Andika mnyama, aina yake (Mubende, Kigezi, wa kienyeji), umri kwa meno, bucha ya wapi, upande, tarehe. Hifadhi kwenye kopo kavu na pamba, mifupa ikiwa na mafuta mende watakuja. Kisha mpe mwenzako apime petrosali ile ile bila kuona namba zako, na mkitofautiana zaidi ya nusu milimita, mnapima tena wote wawili.